Masikio Ishirini na Manne ya Semeni

1

"Mama Siku, nisikilize vizuri, maana hili sitalirudia."

Mume wa Semeni alikuwa Tunduma, lori lake limeegeshwa kwenye foleni ya mpakani. Semeni alikuwa uani kwake Lukenge, anapepeta mchele. Aliweka ungo chini. Akabonyeza punje ya kusikilizia sikioni kwa kidole, kana kwamba sauti huongezeka ukiisukuma.

"Nakusikia, Baba Siku. Sema."

"Kuanzia mwezi ujao, mke wangu, mimi..."

Kikaingia kinanda. Kikafuata fidla, halafu mwanamke akaanza kumlalamikia wifi yake.

"Bi Havijawa!" Semeni alipaza sauti kuelekea ng'ambo ya ua wa mabua. "Bi Havijawa, zima redio yako! Inaimba kwangu!"

"Izime wewe!" akajibu bibi jirani. "Mie hata siisikii. Mie toka asubuhi nasikia mtu anakohoa."

"Anakohoa wapi?"

"Nitajuaje? Zahanati, labda. Lakini ana kifua kibaya, maskini. Anahitaji tangawizi."

Kabla Semeni hajapata la kusema, mlango wa nyumba ya tatu ulifunguka. Akatoka shoga yake Mwanvita, mkono mmoja kiunoni, mwingine sikioni, anacheka mpaka machozi.

"Shoga, mumeo ana sauti tamu! Kaniita mke wangu. Nami nikaitika, abee."

"Mwanvita!"

"Sasa nifanyeje? Mtu akikuita vizuri unaitika. Anasema haendi tena safari za Kongo. Mwezi ujao anarudi nyumbani moja kwa moja. Hongera, mama. Utampikia nini?"

Wakacheka wote watatu, kila mmoja uani kwake. Walikuwa wamezoea. Hakuna aliyejua kwamba kicheko kile ndicho kilichokuwa kinawapumbaza.

Punje ilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi, ndiyo maana Lukenge waliiita hivyo. Kampuni iliyoileta ilikuwa imeipa jina refu ambalo halikushika kwenye ulimi wa mtu. Unaivaa asubuhi, mpaka saa nne umeisahau. Haikufungwa kwenye kifaa kimoja. Ilihama yenyewe, kutoka kwenye simu kwenda kwenye redio, kutoka kwenye redio kwenda kwenye nguzo za mfereji, ikifuata ilikoona kuna haja. Kwa mtu mwenye simu moja na redio moja, ilihama kama mtu anavyohamisha mzigo kutoka bega hili kwenda lile. Kwa Semeni ilihama kama mtetea anayetafuta pa kutagia.

Na sababu yake waliijua wote, ila hawakuitaja mbele ya mgeni.

Siku ya uandikishaji, miaka miwili nyuma, kampuni ilitaka kitambulisho cha taifa na dole gumba. Katika nyumba zile za mwisho wa skimu ya umwagiliaji, aliyekuwa na kitambulisho ni Semeni peke yake. Mwanvita alikuwa anakisubiri mwaka wa sita. Kila akienda kuuliza anaambiwa bado kinashughulikiwa. Bi Havijawa hakujua alizaliwa mwaka gani, alijua tu kwamba ni mwaka wa nzige. Cheti cha kuzaliwa cha Sikudhani, binti yake Semeni mwenyewe, kilikwenda na mafuriko pamoja na sanduku la nguo. Na bila punje hupati zamu ya maji. Bila punje geti la shule halimfungukii mtoto.

"Weka dole, Mama Siku," Mwanvita alimwambia siku ile kwenye foleni. "Dole halitaisha."

Akaweka. Kwani laini za simu hawakusajiliana hivyohivyo zamani? Jirani akikosa, unamstiri. Alirudi kwenye foleni mara kumi na moja, mara kavaa mtandio, mara kavua, na yule kijana wa kuandikisha alikuwa amechoka, hakuinua hata macho. Pea kumi na mbili za punje zikaingia Lukenge kwa dole moja. Wakubwa saba, watoto watano. Mtambo ukawaandika wote kwa jina moja: Semeni Mloka.

Wiki iliyofuata mafundi wakaja kushusha king'ora. Kile king'ora cha zamani kilichokuwa kinalia mara tatu kabla ya maji kuachiwa, kikasikika mpaka kijiji cha pili. Walisema hakina kazi tena, sasa kila mtu ataambiwa sikioni mwake, kwa jina lake. Bati lake Bi Havijawa aliliomba akafunikia pipa.

2

Sauti ya maji watu waliiita Dada. Ilikuwa sauti ya mwanamke mpole, asiye na haraka, mwenye Kiswahili cha darasani. Hakuwahi kukasirika wala kurudia mara mbili bila kuombwa.

Saa saba mchana, siku ya Jumanne, Semeni alikuwa jikoni anasonga ugali.

"Semeni Mloka," Dada alisema. "Maji yanakuja. Kama uko mferejini, toka."

"Mferejini nitakuwa nimefuata nini, Dada, na jua hili?" Semeni alijibu, mwiko mkononi. Akacheka peke yake, akaendelea kusonga.

Alikuwa anaipua alipomsikia Mwanvita anakuja anafoka. Alikuwa anamkokota mwanawe Mrisho kwa mkono. Mtoto wa miaka saba, amelowa mpaka shingoni, ndala mguu mmoja, midomo imekuwa ya kijivu.

"Mwangalie huyu! Mwangalie anayetaka kuniua kwa presha! Maji yamemchota kalavatini, kashika mzizi! Angekosa mzizi, sasa hivi tungekuwa tunamtafuta mtoni Wami!"

"Mrisho, kwa nini hukutoka?" Semeni aliuliza.

"Dada hajaniita."

"Muongo! Anakuita kila siku."

"Haniiti mie," Mrisho alisema, meno yanagongana. "Anakuita wewe, Mama Siku. Mie akikuita wewe huwa natoka. Leo hajakuita."

Mwanvita akampiga kofi la mgongoni, halafu akamkumbatia palepale, akaanza kulia. Semeni alisimama na sufuria mikononi. Aliona moto wa sufuria unamchoma vidole, na bado hakuitua.

Dada aliita. Semeni alimsikia vizuri kabisa, akamjibu kwa mzaha.

Alifungua mdomo amwambie Mwanvita. Ukajifunga wenyewe.

3

Banioni ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Hapo ndipo mto unapokamatwa na ukuta wa zege, na lango la chuma linaamua mfereji upate kiasi gani. Zamani palikuwa na wazee wawili wa kufungua na kufunga kwa gurudumu. Sasa palikuwa na mtambo, na kijana mmoja wa kuutazama, Kaseke, mpole, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimepita tu. Nina swali la kijinga."

"Maswali ya kijinga ndiyo nayapenda. Ya kwangu hapa ni taa kuwaka na taa kuzima. Karibu kiti."

Semeni akakaa, kanga ameikunja magotini. "Hivi Dada anajuaje kama mtu yuko mferejini?"

Kaseke akafurahi kama aliyeulizwa habari za mtoto wake. Akamwonyesha kioo chenye mstari wa bluu, na juu yake vidoa vyeupe vidogo kama chawa kwenye mshono.

"Kila kidoa ni mtu. Nguzo za mfereji zinasikia punje yako iko wapi. Kabla lango halijafunguka, Dada anaita watu wote, kila mtu kwa jina. Kisha mtambo unaangalia. Kuna aliye ndani? Yupo? Basi lango halifunguki. Linasubiri hata nusu saa, mpaka atoke. Hakuna king'ora kinachoweza hivyo, mama. King'ora kinalia halafu maji yanakuja, umetoka hujatoka."

"Linasubiri," Semeni alisema.

"Linasubiri."

"Na kama mtu... tuseme mtu ana pea mbili za punje. Moja kaacha nyumbani, moja kavaa."

"Mtu ana mwili mmoja, mama. Mtambo hauwezi kuamini kwamba Semeni yuko jikoni na Semeni yuko mferejini. Unachagua. Unafuata ile aliyoigusa mwisho, ndiyo hiyo anayopelekewa Dada. Nyingine inahesabiwa ni kitu tu kimedondoka." Akacheka. "Au ukitaka kuuhakikishia, unagusa mara mbili, unasema 'nipo'. Hapo inajua: huyu hapa ndiye Semeni."

Kitu tu kimedondoka. Semeni alimwona Mrisho ameshika mzizi.

"Wapo watu wamegawiana dole?" Kaseke aliuliza ghafla, bila kumtazama, anafuta kioo kwa leso. "Maana makao makuu wameanza kuuliza. Skimu ya juu wamekamatwa watu wanane. Siku hiyohiyo punje zote zilifungwa, za aliyetoa dole na za waliopewa."

"Wakaandikishwa upya?"

"Uandikishaji ni baada ya mavuno."

"Na maji yao?"

Kijana akanyanyua mabega. "Bila punje hakuna zamu, mama. Mpunga wao ulikuwa kwenye maziwa. Ukaungua wote."

Mpunga wa Lukenge nao ulikuwa kwenye maziwa. Ukiutoboa kwa ukucha unatoa ute mweupe. Ulihitaji maji wiki tatu tu, basi. Semeni alipiga hesabu ya nyumba, si ya kitu kingine: ya Mwanvita, ya Bi Havijawa, ya yule mjane mwenye mapacha, na za wengine. Neno moja hapa, mbele ya kijana huyu aliyemwamkia kwa heshima, na nyumba zote hizo hazina cha kula mpaka msimu mwingine.

Asiposema, kuna watoto watano wanaovuka mfereji kwenda shule, na Dada anayemwita mmoja.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Nilitaka kujua tu."

Njia nzima alijiambia kwamba atawaambia wanawake wote jioni ileile. Alipofika nyumbani akamwita Sikudhani peke yake, akafunga mlango.

"Siku, njoo. Kila ukikaribia mfereji, gusa punje mara mbili. Hivi. Useme 'nipo'. Kila mara, umesikia? Na ukisikia mtu yeyote anasema maji yanakuja, jambo la kwanza ni hilo. Gusa, nipo. Kabla hata ya kukimbia."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nimekwambia."

Sikudhani alikuwa na miaka tisa, mtoto wa kushika neno. Ukimwambia funika maji, anafunika mpaka ya mbwa. Akagusa mara mbili. "Nipo," akasema, akatabasamu. Sikioni mwa Semeni pakawa kimya, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma yako ameondoka.

Usiombe kujua usingizi wa mama aliyemnyang'anya mtoto wa mwenzake masikio akampa wake.

4

Siri ya mtoto ina siku nne. Ya tano, Semeni alipita nyuma ya shule akawakuta watano wote, wake na wa majirani, wamesimama duara.

"Nipo!" akasema Mrisho.

"Nipo!" wakasema mapacha.

"Nipo! Nimemvuta! Yuko kwangu!" Sikudhani akaruka juu, amenyoosha mikono.

Mchezo waliuita kumvuta Dada. Anayebaki naye kengele ikigongwa ndiye mshindi. Na Dada wa watu, mpole, asiye na haraka, akawa anarukaruka kutoka sikio hadi sikio kama mpira wa matambara, anasema nusu ya neno kwa huyu na nusu kwa yule.

Jioni Mwanvita alikuja uani. Hakupiga hodi. Kwa miaka kumi na miwili ya ujirani alikuwa hajawahi kuingia bila hodi.

"Kumbe ulijua."

Semeni alikuwa anaosha vyombo. Aliendelea kusugua sufuria.

"Watoto wamenieleza mchezo wao. Ulijua toka siku ile. Mwanangu ananing'inia kwenye mzizi, wewe umemsikia Dada. Ukaenda banioni, ukaulizia, ukarudi, ukamfundisha wako. Mimi ukaniachia nini, Mama Siku? Ndala moja?"

"Niliogopa."

"Wote tunaogopa! Uoga una mwenyewe?"

"Nikisema banioni, mpunga wenu unakauka. Wa kwako, Mwanvita. Wa Bi Havijawa. Wiki mbili na nusu tu zimebaki. Nilisema moyoni, acha tuvune kwanza, nitakwenda mwenyewe kwa miguu yangu, nitawaambia nifungeni."

Bi Havijawa alikuwa amesimama kwenye pengo la ua na kikombe chake cha chai. "Mimi dole sikuomba mara mbili, nililiomba mara moja nikapewa," alisema. "Kosa ni letu wote. Sasa tusichambane. Enzi za king'ora tulifanyaje? Kililia, tukasikia. Basi na tulie wenyewe. Atakayempata Dada, apige ukelele. 'Majiii!' Anayesikia naye apokee. Mbona rahisi."

Wakakubaliana. Mwanvita alikubali bila kumtazama Semeni usoni, akaondoka bila kuaga. Lakini alikubali.

Na kweli siku sita ukelele ulifanya kazi vizuri kuliko punje. Dada alimwita Bi Havijawa akiwa chooni, na bibi akapiga ukelele humohumo, watoto wakatoka mferejini wanacheka mpaka wanaanguka. Semeni alianza kula chakula kikapita kooni. Zilibaki siku kumi na moja.

Kitu kimoja walikisahau, nao ni wakulima wa mpunga, waliozaliwa humo. Walisahau ndege.

5

Kwelea kwelea walishuka asubuhi ya siku ya saba. Wingu moja, jeusi, linajikunja na kujikunjua, likitua kwenye jaruba unasikia mpunga unavunjika. Shule ikafungwa kama ilivyo kila mwaka, watoto wakaingia mashambani kuamia ndege. Lukenge nzima ikawa ni debe, bati, kombeo na makelele. "Swaaa! Hoyaaa! Toka huko!" Hata wakubwa walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Bi Havijawa alikuwa anapiga bati la king'ora cha zamani kwa mchi.

Juu ya milima ya Nguu mvua ilikuwa inanyesha, nje ya msimu. Kwa mbali ilionekana kama pazia chafu.

Semeni alikuwa katikati ya jaruba lake, matope mpaka magotini.

"Semeni Mloka. Maji yanakuja. Kama uko mferejini, toka."

Haikuwa saa ya zamu. Akaangalia milima, akaelewa. Mto umejaa, banio linataka kupumua.

"Majiii!" akapiga ukelele. "Majiii!"

"Hoyaaa!" wakajibu watoto wa jaruba la pili, na debe juu.

"Maji! Nasema maji!"

"Swaaa! Swaaa!"

Sauti yake iliingia kwenye zile kelele kama tone kwenye mtungi. Akakimbia juu ya tuta, anateleza, anaanguka, anainuka. Mwanvita alikuwa kwake, anazungusha kombeo.

"Mwanvita! Mrisho yuko wapi?"

"Eh?"

"Mrisho! Maji yanakuja!"

Kombeo lilidondoka. "Kaenda... Kasema anakwenda kutazama mgono wake. Kalavatini."

Mgono ni mtego wa samaki wa fito, na mtoto anayetoa kambale kwenye mgono hasikii hata akiitwa na radi. Mwanvita alikwisha anza kukimbia. Semeni alimfuata, na huku anakimbia akafanya lile ambalo angelifanya wiki mbili nyuma. Alipiga simu banioni kwa punje.

"Kaseke naongea," ikasema sauti ya yule kijana.

"Mwanangu, usifungue lango! Mimi si mmoja! Tuko kumi na wawili kwa dole langu, kuna mtoto..."

Kikaingia kinanda. Fidla. Mwanamke anamlalamikia wifi yake.

"Mwanangu? Kaseke!"

Wifi, kinanda, fidla. Redio ya Bi Havijawa ilikuwa inaimba nyumbani peke yake, hakuna wa kuizima.

Ndipo alipokumbuka lile neno. Linasubiri.

Mfereji mkuu ulikuwa wa zege, kuta laini, kina chake kuzidi mtu mzima aliyenyoosha mikono. Ngazi za chuma zilikuwa chache, moja hapa, nyingine hatua mia mbele. Maji yaliyokuwemo yalifika kwenye vigimbi vya miguu tu. Semeni hakutafuta ngazi. Aliruka. Kifundo cha mguu kikalia, maumivu yakapanda mpaka kwenye meno.

Akagusa punje mara mbili. "Nipo!"

Wifi akanyamaza.

"Semeni Mloka," alisema Dada. "Uko mferejini. Lango linasubiri. Tafadhali toka."

Semeni alilia kwa furaha. Hajapata kusikia sauti nzuri kama ile, hata ya mumewe. Alichechemea kuelekea kalavati, mkono ukutani. Kila baada ya pumzi kadhaa sauti ilirudi ileile, pole, haina haraka. "Lango linasubiri." Mto mzima wa Nguu ulikuwa umesimama nyuma ya chuma kwa sababu mwanamke mmoja wa Lukenge yuko mahali asipotakiwa kuwa.

Ndani ya kalavati palikuwa giza na harufu ya tope. Mrisho alikuwa amechuchumaa, mgono umekwama kwenye tawi, anauvuta.

"Mama Siku! Wawili! Kambale wawili!"

"Acha! Njoo!"

"Lakini wawili..."

Akamnyakua kiunoni, mgono na yeye. Walipotoka upande wa pili, Mwanvita alikuwa amelala kifudifudi juu ya ukuta, ameteremsha kanga yake aliyoifunga fundo.

"Mpandishe! Mpandishe, shoga yangu, mpandishe!"

"Lango linasubiri," alisema Dada.

Mguu mbovu ulitetemeka chini ya uzito wa mtoto. Semeni alimweka begani, akasimama kwa mguu mmoja, akamsukuma kwa viganja kwenye nyayo. Mrisho akashika fundo. Mwanvita akavuta, akampata mkono, akampata kwapa, wakaanguka wote nyuma, nje ya macho. Semeni akasikia kilio cha mama na malalamiko ya mtoto: mgono umebaki chini.

Akaegemea ukuta, akacheka. Ngazi ilikuwa kule mbele, hatua themanini hivi. Tuseme themanini kwa mguu mzima. Hakuna shida. Atatembea polepole. Akitoka, ataendelea na safari hadi banioni hivyohivyo na matope yake, atamwambia Kaseke kila kitu, na mpunga utakuwa utakavyokuwa.

"Uko mferejini. Lango linasubiri. Tafadhali toka."

"Natoka, Dada," alisema. "Nipe muda kidogo. Mguu."

Akatembea. Akahesabu ishirini. Thelathini. Juu, makelele yalikuwa yanabadilika. Ukelele wa Mwanvita ulikuwa umepokelewa sasa, mtu kwa mtu, jaruba kwa jaruba, kama walivyokubaliana. "Majiii! Majiii!" Vizuri. Hatimaye wamesikia. Arobaini.

"Lango linasu..."

Kimya.

Semeni akasimama. Akagusa punje mara mbili. "Nipo." Hakuna. Akagusa tena, akaiparaza kwa kucha, akaisukuma ndani mpaka sikio likauma. "Nipo! Nipo hapa!"

Sikioni palikuwa patupu, utupu anaoujua, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma yako ameondoka.

Akainua macho. Juu ya tuta, mbele kidogo, Sikudhani alikuwa anakuja mbio kutoka shambani, debe lake bado liko mkononi. Alikuwa hajamwona mama yake. Alikuwa amesikia tu watu wanasema maji yanakuja. Vidole viwili viko sikioni, vinagusa, vinagusa, bila kuacha, kwa utiifu wote wa mtoto wa kushika neno.

"Nipo!" alikuwa anasema. "Nipo! Nipo! Nipo!"

"Siku! Acha! Usiguse!"

Mtoto akasikia, akachungulia chini, akamwona. Uso wake ukafunguka kwa fahari.

"Mama! Nimemvuta! Yuko kwangu! Nimefanya kama ulivyonifundisha!"

Kutoka upande wa banio ilikuja sauti nzito ya chuma inayopanda. Kisha ukaja upepo, wa baridi, wenye harufu ya majani ya mlimani. Mashambani ndege wote wakaruka kwa pamoja, kelele zikakoma.

Kwenye kioo cha Kaseke mstari wa bluu ulikuwa safi, hauna doa hata moja. Semeni Mloka alikuwa amekwisha toka. Alikuwa juu ya tuta, salama, ana debe mkononi.